Msomaji wa Vivuli

Jicho, mashine yetu ya kusoma vipimo vya damu, lilipomwambia Respicius kwa mara ya nne kwamba hana kitu, mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi letu, macho yake ya manjano kama kiini cha yai, na tumbo limemjaa hadi vifungo viwili vya shati vimekataa kufungwa.

"Homa ya ini C: hapana," lilisema Jicho kwa ile sauti yake laini, sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kuchoka maishani. "Asante kwa kutunza afya yako. Ushanga wako ni kijani hadi mwisho wa mwezi."

Ushanga kwenye mkono wake ukawaka kijani. Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakautazama, wakayatazama macho yake, kisha kila mmoja akajifanya ana jambo la kuangalia upande mwingine.

"Kijani," aliniambia Respicius, akiinua mkono kama mtu anayeringia saa mpya. "Umeona, Kemi? Nakufa nikiwa na afya njema."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Halafu nikauchukua ukanda wake wa kipimo kabla haujadondoka kwenye pipa la taka, nikautia mfukoni mwa koti. Haikuwa ruhusa kufanya hivyo, lakini miaka thelathini na mitatu kazini inampa mtu mifuko yake.

Naitwa Kemilembe. Mimi ni msomaji mkuu wa Kituo cha Usomaji cha Nyaruhanga, cheo kinachosikika kikubwa kuliko kazi yenyewe. Siku hizi sisomi chochote. Jicho ndilo linalosoma. Mtu anaingiza kidole langoni, sindano inachukua tone la damu, tone linapita kwenye ukanda, Jicho linautazama na kutamka. Mimi nafuta vumbi kwenye kioo chake, naagiza kanda mpya, na nawaelekeza wazee mahali pa kuweka kidole. Jioni narudi nyumbani miguu imevimba, na sijui nimefanya nini siku nzima.

Ukitamkiwa hapana, ushanga wako unabaki kijani: unauza maziwa sokoni, unapanda basi, unaposa, unachangia damu. Ukitamkiwa ndiyo, ushanga unakuwa wa kijivu, lakini angalau mlango wa pili unakufungukia. Huko damu yako inaingizwa kwenye mashine inayotafuta virusi vyenyewe na kuvisoma herufi kwa herufi, na vikionekana unapewa dawa. Vidonge vya wiki kumi na mbili tu. Watu wanapona, nimewaona. Lakini mlango wa pili una ufunguo mmoja, nao ni lile neno la Jicho. Daktari wa wilaya alikuwa amemwandikia Respicius barua tatu za kuomba apimwe huko, na barua zote tatu zilirudi na jibu moja: mhusika hana homa ya ini C.

"Daktari amesema nini?" nilimuuliza nilipomsindikiza hadi nje.

"Dawa zikianza ndani ya wiki sita, ini linaweza kusimama hapo lilipo. Zikichelewa..." Akapiga tumbo lake taratibu kwa vidole viwili. "Hata hivyo wewe ndiye mtaalamu. Fanya kitu, dada."

Mimi si dada yake wa tumbo moja, wala si wa ukoo mmoja. Nina kovu dogo upande wa kulia wa kitovu, naye ana lake.

*

Chumba cha nyuma kina dirisha la kusini, na hapo ndipo nilipofunzwa kusoma. Unashika ukanda kwa pembe, unauinamisha kidogo, unaacha mwanga uupitie ubavuni. Projestus, msaidizi wangu, baba wa watoto watatu na mtu wa kula karanga saa zote, alisimama nyuma yangu akitafuna.

"Sioni kitu, Mama."

"Sogea. Usizibe mwanga."

Akasogea. Akaacha kutafuna.

"Kivuli," alisema.

Kilikuwepo. Mstari wa rangi ya waridi iliyopauka, mwembamba, wa kutokea na kupotea kila nilipogeuza mkono. Zamani, kabla ya Jicho, mistari ya namna ile tuliiita vivuli, na kila msomaji wa uwanda huu aliijua.

"Hii ni ya tano mwezi huu," Projestus alisema kwa sauti ya chini. "Sikutaka kukusumbua. Wote wana macho ya manjano. Wote wameambiwa hapana."

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Sikuwa na nguvu ya kushangaa, kwa sababu nadhani nilikuwa nimelijua jambo hilo kwa muda mrefu, kama mtu anavyojua kwamba paa linavuja lakini anaendelea kusogeza kitanda.

Kipimo chetu hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani kile ambacho mwili hukitengeneza ukishakutana na virusi. Kwenye ukanda wamepaka vipande vya protini vilivyonakiliwa kutoka kwa virusi, na kingamwili zikivitambua huvishika, na hapo mstari hutokea. Tatizo ni kwamba virusi vya homa hii vina koo nyingi, na vile vilivyonakiliwa ni vya ukoo wa mbali, wa watu ambao hawajawahi kusikia jina Nyaruhanga. Vya kwetu ni vya ukoo mwingine, tena vimejifungia huku uwandani kwa vizazi, vikibadilika herufi moja leo na nyingine mwakani. Kingamwili za Respicius zilijifunza sura ya virusi vya nyumbani. Zikikutana na vile vya kwenye ukanda, zinafanya kama mtu aliyekutana na shemeji ambaye amewahi kumwona kwenye picha tu: zinasita, zinapunga mkono, zinapita. Mstari unatokea hafifu.

Yote hayo hayakujulikana huku wakati naanza kazi. Bosi wangu, Mzee Byabato, alinifundisha tofauti. Siku ya kwanza alinichoma kidole changu mwenyewe, nijizoeze. Ukanda namba moja kwenye daftari langu ni wangu. Ulikuwa na kivuli.

"Malaria ikipita mwilini, kivuli," alinicheka aliponiona nimetoa macho. "Minyoo, kivuli. Kanda hizi hazikutengenezwa kwa ajili yetu, binti. Andika hapana, uende ukanywe chai."

Na hakuwa mwongo. Vivuli vingine vilikuwa kweli vitupu, uthibitisho uliporudi kutoka mbali. Lakini uthibitisho ulichukua miezi mitano, na uwandani kwetu wachumba huletwa kupimwa kabla ya posa. Ndiyo moja, hata ya kubahatisha, ilivunja ndoa siku ileile, na ikija kufutwa baada ya miezi mitano, kijana keshaoa kwingine. Namba mbili kwenye daftari langu alikuwa msichana mmoja aitwaye Koleta. Alikuja na shangazi zake wanne. Kivuli. Nikaandika hapana, na Koleta akapiga magoti palepale sakafuni akanishika mikono yote miwili, analia na kucheka. Siku hiyo nilijiona mtu mwema sana.

Nikaendelea kuwa mwema kwa miaka kumi na minne. Watu wa Jicho walipokuja kutafuta msomaji wa kulifundisha, walichukua kanda zangu zote, elfu tisa mia moja na kumi na mbili, pamoja na majibu niliyoandika. Walinipa cheti na blanketi. Jicho likajifunza huruma yangu yote bila kujua kwamba ni huruma, na tangu hapo linaisambaza kwa kila mtu wa uwanda huu, kila mwezi, kwa sauti ile laini.

"Mama." Projestus alifunga mlango. "Jumanne tulikuwa na yule dereva wa lori. Mstari mwekundu kabisa. Damu yake bado ipo kwenye friji."

Nilimtazama.

"Tunabadilisha kibandiko tu. Jicho litasema ndiyo, mlango wa pili utasoma virusi vya dereva kwa jina la Mzee Respicius, na Jumatatu anameza dawa. Nani atajua?"

"Respicius amechangia damu mara sabini na moja."

"Najua."

"Wakishamtia kwenye orodha watawaita wote waliopewa damu yake. Watapimwa na nani?"

Jicho lingewaambia wote hapana, na faili lingefungwa.

"Basi kuna ile fomu," alisema mwishowe, akaitafuta kwenye kabati, chini ya miongozo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifungua. Pingamizi la Msomaji. Akaisoma kwa sauti, akirukaruka mistari. Msomaji akikiri kwa sahihi yake kwamba alikosea jibu lolote lililotumika kulifundisha Jicho, majibu yake yote yanasimamishwa. Shanga za eneo lake zote zinakuwa za kijivu. Nyumba ya damu, inakohifadhiwa ya kuchangia, inafungwa. Kila mtu anapelekwa mlango wa pili na kusomwa upya kwa kufuata namba za daftari la msomaji, bila upendeleo wa cheo, umri wala ugonjwa. Atakayethibitishwa atataja watu waliowahi kugusana naye damu, nao watasomwa siku hiyohiyo. Msomaji mwenyewe hatagusa sampuli tena.

"Respicius ni namba ngapi?" niliuliza, ingawa nilikuwa najua.

"Elfu nane mia nne na sita. Kwa mashine moja tuliyo nayo..." Alihesabu kwa kutikisa kichwa. "Miezi minane, Mama."

Wiki sita alizopewa na daktari hazikutosha hata kwa robo ya foleni hiyo. Nilimwambia Projestus airudishe fomu kabatini.

*

Nilimkuta Respicius sebuleni, miguu juu ya kigoda, imevimba hadi ngozi inang'aa. Mkewe Jenerosa alikuwa jikoni anamenya ndizi, mlango wazi, ili asikose neno.

Nilimweleza yote. Sikumficha kitu, kwa sababu sijawahi kuweza. Tulikutana miaka ya Mafunga, barabara zilipofungwa kwa ajili ya ule ugonjwa mwingine, tukakaa mwaka mzima katika bweni la shule tukiwa vijana wa miaka kumi na saba, wengi wetu bila habari za nyumbani. Hapo ndipo watu walipoukumbuka undugu wa kuchanjiana. Tunda moja la kahawa lina punje mbili ndani. Mnachanjwa karibu na kitovu, kila mmoja anapaka damu yake kwenye punje moja, anampa mwenzake, mnatafuna. Baada ya hapo hamwezi kuoana, hamwezi kunyimana chakula, na mmoja akifa mwingine ndiye anayemnyoa nywele. Zamani wanawake hawakuchanjiana na wanaume. Tulikuwa watoto waliofungiwa, nani angetukataza? Wembe ulikuwa mmoja, wa Respicius, aliouiba kwa mwalimu wa zamu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu akashusha kopo la chai. Ndani mlikuwa na kadi zake za kuchangia damu, zimefungwa kwa uzi.

"Hii alipewa mama mmoja aliyejifungua mapacha," alisema, akiinua ya juu. "Waliniandikia barua." Akairudisha. "Badilisha hicho kibandiko, Kemi."

Nilikuwa nimetarajia aseme hivyo. Hata hivyo lilinichoma.

"Na hawa?" Niliigusa kadi.

"Niliwapa damu bure, mara sabini na moja. Sasa unataka niwape na ini?" Sauti yake haikupanda. Hakuwa na pumzi ya kuipandisha. "Watu wote hapa wananisifu. Baba wa damu, Baba wa damu. Nimechoka kusifiwa. Nataka kuona mvua hizi na zinazofuata. Mimi ni ndugu yako au ni namba?"

"Ni ndugu yangu."

"Basi."

Jenerosa alitokea mlangoni, kisu mkononi, utomvu wa ndizi umempaka vidole vyeusi. "Wifi," alisema, "mimi sayansi siijui. Najua huyu hajala tangu Jumapili."

"Nitabadilisha," nilisema. "Kesho asubuhi."

Nilimaanisha. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu walinisema kwamba nilimwendea ndugu yangu na uamuzi wangu mfukoni. Nilitoka pale nikiwa mwizi wa kibandiko kamili, na nilijisikia mwepesi kuliko nilivyokuwa kwa wiki nzima.

Jenerosa alinisindikiza hadi barabarani, kama ilivyo desturi, na kama ilivyo desturi maneno yenyewe yalisubiri tufike barabarani.

"Kwa hiyo kijani hii," alisema akiutazama ushanga wake, "haina maana yoyote."

"Inategemea."

"Nimemnyoa mume wangu miaka thelathini. Nakata kucha zangu kwa wembe uleule. Binti yetu ana mimba ya miezi saba, naye ana kijani." Alifuta mikono kwenye kitenge ingawa utomvu hautoki kwa kufuta. "Na wewe, wifi? Si mlichanjiana kwa wembe mmoja? Umewahi kujiangalia?"

Nikamwambia napimwa kila mwezi kama mtu mwingine yeyote. Akageuka akarudi kwenye ndizi zake.

*

Asubuhi nilifika kabla ya Projestus. Nilitoa damu ya dereva kwenye friji, nikaandika kibandiko kipya: Respicius Rutashobya, 8406. Nikakiweka mezani. Kazi iliyobaki ilikuwa ya nusu dakika.

Sikuifanya. Nilikaa nikitazama kidole changu.

Maneno ya Jenerosa yalikuwa yamenifuata nyumbani, na nilipoyageuza vizuri nikakumbuka ule mstari wa fomu ambao Projestus aliusoma akirukaruka. Atakayethibitishwa atataja watu waliowahi kugusana naye damu, nao watasomwa siku hiyohiyo. Na foleni inaanzia namba moja. Namba moja ni mimi.

Ikiwa nina virusi, ningesomwa wa kwanza, ningemtaja Respicius, naye angesomwa leo, kwa haki, kwa jina lake na damu yake. Ikiwa sina, ningekuwa nimezima shanga za watu elfu tisa, nimefunga nyumba ya damu, na nimempeleka ndugu yangu mwisho wa foleni afie huko. Hakukuwa na namna ya kujua kabla. Mlango wa pili haungenifungulia bila fomu kusainiwa.

Nikaingiza kidole langoni. Sindano ikachoma.

Nimewapima watu wengi wakiwa wananong'ona sala, na siku zote nilijua wanaomba nini. Mimi siku ile niliomba mstari utokee. Niliomba niwe mgonjwa, kwa moyo wote, jasho linanitoka kwapani kama msichana wa kuposwa. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuomba hivyo kwenye kituo chetu.

"Homa ya ini C: hapana," lilisema Jicho. "Asante kwa kutunza afya yako."

"Nyamaza," nililiambia.

Nikaupeleka ukanda kwenye dirisha la kusini. Nikauinamisha. Hakuna. Nikaugeuza kidogo, mwanga ukapita ubavuni, nikakiona. Kivuli, palepale nilipokiacha miaka thelathini na mitatu iliyopita.

Kingeweza kuwa malaria. Kingeweza kuwa minyoo. Nilikuwa nimeyaandika maelezo hayo kwa watu wengi mno kiasi kwamba nilishindwa kuyaamini kwa ajili yangu mwenyewe. Niliwaza kuhusu mama wa mapacha. Niliwaza kuhusu binti wa Jenerosa na ile mimba ya miezi saba. Niliwaza pia kuhusu Respicius na wembe wake wa wizi, alivyokuwa akitetemeka kuliko mimi. Nilikuwa nimemwahidi. Hilo lilikuwa zito kuliko yote, na bado ni zito.

Nikachana kibandiko. Nikatoa fomu kabatini, nikaandika: Ukanda namba moja. Jibu nililoandika: hapana. Jibu sahihi: ndiyo. Nikasaini, nikaiweka mbele ya kioo cha Jicho liisome.

Jicho likaisoma hadi kwenye sahihi. Halafu ushanga wangu ukazima ule mwanga wa kijani, ukawa wa kijivu. Nje, ambako foleni ya asubuhi ilikuwa imeanza kujipanga, nilisikia mwanamke mmoja akiita "Yesu wangu!", halafu wengine, halafu kelele zikateremka hadi sokoni. Projestus aliingia mbio, begi bado begani, akiushika mkono wake wenye ushanga kana kwamba umeungua.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimesoma," nilisema. "Wewe nitoe damu ya mlango wa pili. Mimi siruhusiwi tena."

*

Walitufungia katika chumba cha kioo kando ya mlango wa pili, mimi upande huu wa kitanda, Respicius upande ule; nilikuwa nimemtaja mapema, damu yake ikawa inasubiri yangu ithibitishwe. Jenerosa, ambaye zamu yake ilikuwa baada ya mumewe, aliletwa naye akaketi sakafuni. Respicius alinigeuzia mgongo. Alikuwa amejua kilichotokea kabla gari halijamfikia, kwa sababu ushanga wake ulibadilika akiwa ameushika mkono wa mkewe.

Nje ya uzio walikuwa wamejaa watu. Mwanamume mmoja ambaye maziwa yake yalirudishwa sokoni alinirushia ganda la ndizi dirishani, halafu akaonekana kuona aibu. Mchana mama mmoja aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua alipelekwa wilaya jirani, kwa kuwa damu yetu yote ilikuwa imefungwa. Sijui kama alifika. Hadi leo sijauliza.

Saa tisa Projestus alisimama upande wa pili wa kioo na karatasi mbili. Hakuwa anatafuna chochote.

"Ipo," alisema kupitia kipaza sauti. "Mama, ipo kwako. Na kwa Mzee." Aliziweka karatasi ubavu kwa ubavu kwenye kioo ili nizione: safu za herufi, maelfu, na hapa na pale herufi moja imewekwa rangi kwa kuwa haikufanana. "Inasema ni virusi vya mzizi mmoja. Vilitengana miaka arobaini iliyopita, kuongeza au kupunguza miwili. Na inauliza mlivyogusana damu, ili nijaze."

"Wembe," nilisema. "Na kahawa."

Respicius alizitazama zile karatasi hadi macho yake yakaanza kutiririka machozi, machozi ya kawaida, si ya manjano. "Kwa hiyo ni mimi niliyekupa," alisema.

"Au ni mimi. Hazisemi."

"Uliniahidi, Kemi."

"Ndiyo."

"Kama isingekuwepo kwako?"

"Ungekufa," nilisema. "Nami ningekunyoa nywele."

Vidonge vilipopitishwa kwenye kidirisha, viwili, kimoja chake na kimoja changu, alichukua vyote akavishika kiganjani kwa muda, halafu akanipa kimoja kwa mkono wake mwenyewe. Nikampa kile kilichobaki. Tukameza kwa kikombe kimoja cha maji. Jenerosa aligeuza uso ukutani. Hakuniangalia siku ile wala iliyofuata, lakini kabla ya jioni alininyooshea kipande cha ndizi bila kusema neno, nami nikakila.

Respicius alisinzia. Projestus alikuwa ametoka uani na kipaza sauti, na daftari langu la zamani limefunguliwa mikononi mwake. Foleni ilikuwa inaanza.

"Namba mbili," aliita. "Koleta Bitegeko."

Hakuna aliyesogea. Akatazama daftari, akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Watu wakaanza kutazamana. Wazee wachache walivua kofia, na hapo nikajua kwamba wao pia wamekumbuka.

Koleta alizikwa miaka tisa iliyopita, na tumbo limejaa maji. Ushanga wake ulikuwa kijani hadi siku ile, na kwa kuwa ulikuwa kijani, watu walisema amerogwa na wifi yake, na wifi yake akahama na watoto. Nilikwenda msibani. Nilikula wali pale, nikakaa na wale shangazi, na mmoja wao akawaambia wenzake kwamba mimi ndiye niliyempa Koleta ndoa yake.

"Koleta Bitegeko," aliita Projestus kwa mara ya tatu.

Nilisimama, nikagonga kioo hadi akageuka. Nikatikisa kichwa, kisha nikamwonyesha vidole vitatu.